Tangazo la farasi dume liseme na yasiyoonekana kwenye picha

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kupandisha ukikaribia, ukurasa wenu wa mifugo hujaa farasi madume. Matangazo yenyewe yanafanana: rangi, kimo, jina la baba na la babu, picha ya ubavuni shingo imekunjwa vizuri, kisha namba ya simu. Nimeyasoma kwa miaka mingi, na jike wangu nilimpeleka kwa dume niliyempata humo humo. Naomba msiendelee kuyachapisha jinsi yalivyo.

Dume yule alikuwa wa kahawia mwenye mabaka meupe makubwa ubavuni. Jike wangu ni mweusi mwenye baka moja tu usoni. Nilitaka mtoto mwenye rangi ya baba yake, na mengine sikuyauliza. Jike alishika mimba mzunguko wa kwanza, akaibeba karibu miezi 11 kama ilivyo kawaida, akajifungua alfajiri moja bila kusaidiwa.

Mtoto alitoka mweupe pe pe pe, ngozi ya waridi chini ya manyoya na macho ya buluu. Ndani ya saa moja alikuwa amesimama, miguu inatetemeka, akaitafuta chuchu mwenyewe na kunyonya dang'a. Nilifurahi kama mtoto. Kufika jioni alianza kugeuza shingo na kuutazama ubavu wake. Analala, anainuka, analala tena. Anainua mkia, anajikaza, hakitoki kitu. Kile kinyesi cha kwanza, cheusi na cha kunata, ambacho mtoto wa farasi hukitoa mapema, hakikutoka kabisa. Daktari wa mifugo alipofika alisimama mlangoni mwa banda, akamtazama kabla hata ya kumgusa, akaniuliza, "Baba yake ni dume gani?" Asubuhi iliyofuata tulikubaliana kumpumzisha milele. Jike alikaa siku mbili akiita, maziwa yanamdondoka hadi kwenye kwato.

Jambo hili linajulikana. Badiliko la jeni, yaani chembe ya urithi, linaloleta mabaka ya aina ile lilitambuliwa mwaka 1998. Farasi mwenye nakala moja ya badiliko hilo, aliyoirithi kwa mzazi mmoja, ni mzima kabisa, na pengine weupe wake ni mdogo kiasi kwamba hakuna anayemshuku, kama alivyokuwa jike wangu. Wakikutana wazazi wawili wenye nakala moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mweupe ambaye utumbo wake hauna neva za kuusukuma. Mtoto huyo hana tiba. Wa kumwokoa tungekuwa sisi wenye farasi, kabla mimba haijatungwa, kwa kung'oa nywele chache za singa pamoja na mizizi yake na kuzipeleka maabara.

Nilipompigia mwenye dume alinyamaza kidogo, kisha akasema msimu uliotangulia jike mwingine naye alizaa mtoto mweupe akafa. Aliona ni bahati mbaya. Naamini hakukusudia ubaya. Ila tangazo lake lilirudi gazetini tena na picha ile ile, na mwenye jike aliyelisoma aliuziwa mbuzi kwenye gunia kama mimi.

Narudia neno dume kwa sababu. Jike mwenye kasoro huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, hasara ikabaki zizini kwake. Dume mmoja wa wilaya hupanda makumi ya majike kwa msimu, na miaka michache baadaye karibu kila shamba lina damu yake. Wafugaji wa farasi aina ya Quarter Horse huko Marekani waliliona hilo kupitia dume aitwaye Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969. Alikuwa na misuli ya kuvutia mno, watu wakamkimbilia, akaacha kizazi kikubwa sana. Baadaye ikabainika kuwa ndani ya damu ile umo ugonjwa wa misuli unaomfanya farasi atetemeke, apooze, hata aanguke na kufa, na kwamba nakala moja tu ya jeni inatosha kuuleta. Misuli ile ile waliyoifuata watu ilikwenda pamoja na ugonjwa. Chama chao cha usajili kiliamua kwamba watoto wanaozaliwa kuanzia mwaka 2007 wakiwa na nakala mbili hawaandikishwi. Hatua hiyo ilikuja karibu miaka 40 baada ya dume yule kuzaliwa.

Tena sijagusa maradhi ya kupandana. Mwaka 1977 kulizuka Newmarket, Uingereza, ugonjwa wa mfuko wa uzazi unaoletwa na bakteria. Dume anayewabeba haugui hata siku moja: anakula, anang'aa, anapanda vizuri. Anayeumia ni jike, anayetokwa na uchafu na kukataa kushika mimba. Virusi vya ugonjwa wa mishipa ya damu navyo huweza kukaa kwa dume miaka mingi vikitoka pamoja na shahawa, na jike akivipata akiwa na mimba huweza kuitupa. Kumtazama dume kwa macho hakusaidii chochote hapo. Ni sampuli za maabara, zichukuliwe kabla msimu haujaanza. Ni haki pia mwenye dume adai sampuli za jike, kwa kuwa jike mmoja mgonjwa huweza kumharibu dume, na dume akawaharibu wote wanaomfuata.

Kuna swali lingine dogo ambalo sijaona tangazo likilijibu: je, dume huyu aliugua homa miezi miwili iliyopita? Mbegu za farasi huchukua karibu siku 60 kukomaa, kwa hiyo homa kali ya leo huweza kuonekana kwenye uzazi wiki kadhaa baadaye, dume mwenyewe akiwa ameshapona na kusahauliwa kwamba aliumwa. Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Akirudi joto mara tatu, miezi miwili imekwenda, msimu unafungwa, na lawama inamwangukia yeye kwamba ni tasa. Nimeona majike wazuri wakiuzwa kwa sababu hiyo.

Najua litakalosemwa, kwamba mkulima hana uwezo wa kulipia vipimo vyote hivyo. Lakini dume anayepandisha kwa malipo anafanya biashara, na kipimo cha jeni hufanywa mara moja tu katika maisha yake yote. Wala sidai jambo geni. Huko Celle, Ujerumani, kituo cha madume wa serikali kilianzishwa mwaka 1735 ili wakulima wapate madume bora wa kupandishia majike wao wa kazi. Uingereza nayo mwaka 1918 ilitunga sheria kwamba dume anayetembezwa mashambani kupandisha awe na leseni. Siku hizo hakukuwa na kipimo cha jeni. Walijua tu kwamba dume wa wote anapaswa kukaguliwa kwa niaba ya wote.

Jike wangu sasa ana mimba ya miezi minne. Mwenye dume wa safari hii alinikabidhi majibu ya maabara kabla sijamshusha jike garini, akanidai yangu, kisha akamtoa dume nje kwa kamba ya kawaida, akasimama naye nusu saa tukizungumza. Dume hakuuma, hakurusha mateke. Akanionyesha watoto wake watatu, mmoja akiwa na miguu ya mbele iliyopinda kidogo, na hakumficha. Dume mwenyewe ni wa rangi moja, wala hangevutia picha gazetini.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni hili. Lisichapishwe tangazo la dume yeyote ikiwa mwenye dume hajaandika dume huyo amefanyiwa vipimo gani vya jeni na majibu yake, lini alichukuliwa sampuli za maradhi ya kupandana, majike wangapi aliwapanda msimu uliopita na wangapi walishika, na kama mwenye jike atarudishiwa nafasi iwapo mtoto hatasimama na kunyonya. Ni mistari minne au mitano. Mkikosa nafasi, punguzeni picha.

Wako,
Mfuga farasi