Kubana Matumizi au Kuongeza Kipato: Barua ya Wazi kwa Vijana Walioanza Kujitegemea

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote kwa upendo. Nimeyasikiliza mabishano yenu juu ya akiba, nikaona mmegawanyika pande mbili: wapo wanaoshikilia kwamba anayetaka kuweka akiba hana budi kujibana, na wapo wanaosema kujibana ni kujitesa bure, kwamba dawa ya upungufu ni kutafuta fedha zaidi. Mmeniomba rai yangu, nami nimeona niwaandikie wazi ili hata wale ambao hawakuwapo waisome na kuipima.

Rai yangu ni kwamba mwenye pa kupunguza aanze kwa kupunguza, kwa sababu hapo ndipo akiba hupatikana upesi na bila kumsubiri mtu mwingine. Asiye na pa kupunguza aelekeze nguvu zake zote kwenye kipato, wala asikubali kuhubiriwa ubahili. Na atakayeongeza kipato, yeyote awaye, ajue kwamba asipoyawekea matumizi yake mpaka siku ileile fedha inapoongezeka, lengo lake la akiba linaweza hata kusogea mbali zaidi.

Najua neno hilo la mwisho litawashangaza baadhi yenu, basi tulifanyie hesabu. Chukueni mtu ambaye kipato chake cha mwezi ni 100, anatumia 95 na kubakiwa na 5. Anataka akiba ya dharura itakayomtosha kwa miezi mitatu endapo kazi itakatika. Miezi mitatu ya matumizi yake ni 285, na kwa kuweka 5 kila mwezi itamchukua miezi 57, yaani karibu miaka mitano. Akipunguza matumizi kwa 10, ataweka 15 kila mwezi, na wakati huohuo akiba anayoihitaji itashuka hadi 255, kwa kuwa sasa anaishi kwa 85. Ataimaliza kazi hiyo kwa miezi 17. Akiamua badala yake kuongeza kipato kwa 10 bila kuyagusa matumizi, ataweka hizo 15 pia, ila lengo lake linabaki 285, na itamchukua miezi 19. Tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo, na hapa upande wa pili wa mabishano yenu una haki ya kusema kwamba kipato kinafanya kazi karibu sawa na kujibana.

Lakini endeleeni kidogo. Nusu ya kile kipato kipya ikimezwa na matumizi mapya, mtu huyo anaweka 10, lengo lake linapanda hadi 300, na anahitaji miezi 30. Kikimezwa chote, anaishi kwa 105, anaweka zilezile 5, na lengo lake limekuwa 315: miezi 63. Anafanya kazi zaidi, anachoka zaidi, na usalama wake uko mbali kuliko alipoanza. Watu wengi wanaoongezewa mshahara hufika hapo bila kujua, kwa sababu matumizi mapya hayaji kwa kishindo. Huja kama nyumba kubwa kidogo, simu nzuri kidogo, na mchango mkubwa zaidi kwa kuwa sasa watu wanajua una uwezo.

Tena, hiyo 10 ya ziada niliihesabu ikiwa safi, ilhali kipato cha pembeni mara chache huingia kikiwa safi. Mtazameni mtu anayeshona nguo usiku baada ya kazi ya mchana. Anayehesabu bei aliyolipwa kwa gauni moja hudhani ameiona faida yote. Atoe kwanza uzi, sindano zilizovunjika, vifungo, umeme wa taa na cherehani, nauli ya kumpelekea mteja, na ile nguo iliyobidi kufumuliwa na kushonwa upya. Atoe na kodi, maana katika nchi ambazo kiwango cha kodi hupanda pamoja na kipato, fedha inayoongezeka juu ndiyo hukatwa zaidi. Kisha asisahau mteja anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi na haonekani. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho kipato chake cha ziada, na hicho ndicho akigawe kwa saa alizokesha. Simkatishi tamaa mtu huyu, namheshimu sana. Ninachotaka ni ajue anachokipata kweli, ili akiona saa zake haziuziki vizuri kwenye kushona, azipeleke kwenye kujifunza ujuzi utakaompandishia malipo ya kazi yake ya mchana.

Sasa niseme na wale wanaowasimanga wenzao kwamba wangekuwa waangalifu wangekuwa na akiba. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, baada ya kuchunguza matumizi ya familia za wafanyakazi, alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake kubwa zaidi inavyokwenda kwenye chakula. Utafiti wa baadaye umelithibitisha jambo hilo katika nchi nyingi. Maana yake kwetu ni kwamba mtu ambaye fedha yake yote inakwisha kwa chakula, pango, nauli na dawa hana mahali pa kukata bila kujiumiza, na kumwambia ajibane ni kumwongezea uchungu. Matumizi yana sakafu, na aliyekwisha kuigusa hana njia nyingine ila kipato. Huyo mwenzenu anahitaji kuunganishwa na kazi kuliko kupewa nasaha.

Kwa wenye pa kupunguza, nawasihi msianzie kwenye vitu vidogo vinavyowapa furaha ndogo. Kaeni chini na daftari, andikeni matumizi ya mwezi mzima kuanzia kubwa kwenda dogo, na mtakuta kwamba mistari mitatu au minne ya juu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya fedha: pango, usafiri, chakula, na marejesho ya mikopo. Uamuzi mmoja wa kuhamia chumba cha bei nafuu zaidi au kilicho karibu na kazi hujilipa kila mwezi bila nidhamu ya kila siku, wakati kujinyima vijisenti kunahitaji mtu ashinde kila asubuhi, na wengi huchoka. Pitieni pia yale malipo yanayojirudia yenyewe kwenye simu na benki kwa huduma ambazo hamzitumii tena.

Deni lenye riba liwekeni mbele ya yote. Gawanyeni 72 kwa kiwango cha riba ya mwaka, mtapata kwa makadirio miaka ambayo deni lisiloguswa huchukua kuwa maradufu. Kwa riba ya asilimia 24, ni miaka 3. Hakuna akiba ya kawaida inayokua kwa kasi hiyo, kwa hiyo kulilipa deni la namna hiyo ni kuweka akiba.

Na ile hatari ya kipato kumezwa ina kinga iliyojaribiwa. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mwaka 2004 mpango uliotumika katika kampuni moja ya Marekani, ambamo wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila watakapoongezewa mshahara, sehemu ya nyongeza iende moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni. Waliojiunga walipanda, kwa wastani, kutoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 katika miezi 40. Hawakuona mshahara wao ukipungua hata mara moja, kwa kuwa walichokiweka kilitoka kwenye fedha ambayo hawakuwa wameizoea.

Kwa hiyo kabla ya nyongeza au kazi ya pembeni kuingia, kubalianeni na nafsi zenu, na wenzi wenu kama mnao, ni sehemu gani itakwenda akiba. Mimi nashauri nusu, na zaidi kwa asiye na watoto. Agizeni benki au chama chenu cha akiba na mikopo kikate siku ileile ya malipo. Nusu iliyobaki itumieni kwa moyo mkunjufu, na wazazi wenu msiwasahau. Hesabu ya mwezi wenu wa kwanza mkiona haieleweki, nileteeni tuipitie pamoja.

Mzee wenu, mwenye kuwatakia heri.