Barua kwa Mwanangu Zuhura, Kabla Hujaenda Kwenye Usaili Dodoma

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi na baba yako tumefurahi mno kuliona jina lako kwenye orodha ya walioitwa na Sekretarieti ya Ajira ya serikali kwa nafasi ya Afisa Hesabu Daraja la II. Majirani wote wanajua. Ila nimeusoma wasifu ulionitumia, nikakosa usingizi. Humo mna mambo ambayo ukiulizwa utashikwa na kigugumizi, na karatasi inayosema jambo moja na wewe lingine itakuangusha hata kama masomo umeyajua.

Kwanza jina. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinasema Zuhura. Cheti cha kidato cha nne kinasema Zuhra, na vya mbele yake vyote vikafuata hivyohivyo. Fomu ya shule ilijazwa kwa haraka, na leo haraka ile unailipia wewe. Usiseme ni herufi moja tu. Nenda kwa wakili wiki hii akuandalie hati ya kisheria ya majina (deed poll), kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Usiende na kiapo kitupu ukadhani yamekwisha. Nakala yake ipandishe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao ulioombea kazi, na yenyewe uibebe pamoja na vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita na shahada. Hati za matokeo na matokeo ya muda hawazikubali badala ya cheti. Kitambulisho kikae mfukoni, si ndani ya begi.

Sasa wasifu wenyewe, maana najua utautuma na kwenye kampuni binafsi. Mistari minne ya juu umeandika kuwa wewe ni mchapakazi, mwaminifu, unayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ni kweli, mwanangu, mimi nakujua. Lakini hayo kila mtu anayaandika na msaili hana pa kuyapimia. Yaondoe. Pale kwenye mafunzo kwa vitendo, ambapo ndipo penye nguvu yako, umeandika "nilisaidia shughuli za uhasibu" basi. Shughuli zipi? Anza na kitenzi, taja kazi, taja kiasi: niliandaa usuluhishi wa benki wa akaunti (andika ngapi) kila mwezi, nilikagua hati za malipo na viambatisho vyake kabla ya kuidhinishwa. Kama kwenye MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, ulikuwa unatazama tu mwenzio akiingiza malipo, andika kwamba uliufahamu mfumo, usiandike kwamba uliutumia. Kurasa mbili zinakutosha, kazi ya karibuni ikitangulia, na kila mahali mwezi na mwaka.

Ile miezi minane uliyoiacha wazi wataiona. Ulikuwa ukimuuguza bibi yako kwa sababu sisi wengine tulisema tuna kazi. Andika mstari mmoja kwamba ulikuwa ukimhudumia mgonjwa katika familia. Si aibu yako.

Wadhamini watatu nao wapigie simu kabla. Huyo mhadhiri uliyemweka wa kwanza namba yake haipatikani, nimejaribu.

Kinachonitia hofu zaidi ni hapo ulipojiita mahiri wa Excel na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki mpaka vikubaliane. Ukijiita mahiri, jiandae kupewa namba. Chukua mfano: daftari la fedha lina salio la shilingi 4,200,000, taarifa ya benki inasema 4,935,000. Hundi ambazo hazijawasilishwa benki ni 850,000, fedha zilizopelekwa benki lakini hazijaonekana kwenye taarifa yake ni 100,000, na makato ya benki ya 15,000 hayajaingizwa kwenye daftari. Upande wa benki unatoa 850,000 na kuongeza 100,000, unapata 4,185,000. Upande wa daftari unatoa 15,000, unapata hiyohiyo. Wengi hukosea kwa kuyatoa makato upande wa benki, wakati benki ilishayakata yenyewe. Fanya mifano ya namna hiyo kila jioni, kwa mkono na kwa kompyuta, mpaka usihitaji kufikiri.

Ukivuka mchujo, ule mtihani wa mwanzo, utakutana na jopo la wasaili. Soma tangazo la kazi tena, kila jukumu lililoorodheshwa ligeuze kuwa swali, na uisome Sheria ya Fedha za Umma, Sura 348. Wakisema jieleze, tumia dakika mbili: elimu, kazi ulizofanya, kwa nini zinafaa kwa nafasi hii. Habari za kwetu nyumbani hazihusiki. Wakitaka mfano, eleza hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Na uache "tulifanya, tulifanya". Wanataka kujua wewe ulifanya nini. Unaongea haraka ukiwa na hofu, tangu utotoni nakusema kwa hilo. Vuta pumzi kabla ya kujibu. Usilolijua sema hulijui; ukibuni, swali la pili litakuumbua. Umeandika kwamba Kiingereza unakiongea vizuri, basi majibu hayo yafanyie mazoezi kwa lugha zote mbili.

Nauli, chakula na malazi ni juu yetu, Sekretarieti hailipi. Nimekutumia kwenye simu. Panda treni ya siku moja kabla, usisafiri usiku wa kuamkia usaili. Mjomba wako Dodoma anakungoja, mpelekee zile nazi. Beba sweta, asubuhi kule kuna baridi. Niambie leo kama cheti cha kuzaliwa unacho wewe au kimo kwenye sanduku la bibi. Mdogo wako anakuja huko Jumamosi, atakuletea. Ada yake ya muhula tumeilipa nusu, usianze kuihangaikia. Fundi amemaliza bati la jikoni na halivuji tena. Baba yako presha imeshuka, anakunywa dawa bila kusukumwa.

Mama yako