Mjomba, tauni ile haikuwa ya Wazungu peke yao

Shikamoo Mjomba,

Uliandika kwenye kundi la familia kwamba tauni ya karne ya 14 iliwamaliza Wazungu kwa uchafu wao, na kwamba Waislamu walisalimika kwa udhu. Sikukujibu palepale, mkubwa habishiwi mbele ya watoto. Lakini hoja hiyo naisikia kwa wengi, kwa hiyo naijibu hapa bila kukutaja jina.

Shahidi wangu ni Ibn Battuta, yule msafiri Mwislamu wa Morocco, huyohuyo unayetujazia masikio kwamba aliisifu Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1348 alikuwa Shamu (Syria na jirani zake). Akiwa Aleppo alipata habari kwamba Gaza wanakufa zaidi ya watu 1,000 kwa siku. Alipofika Dameski, gavana alikuwa amepiga mbiu: watu wafunge siku tatu, na mchana sokoni pasipikwe kitu, kwa kuwa wakazi wengi walikula vya kununua. (Mama ntilie wa huko sijui walisemaje.) Usiku wa mwisho wakakesha msikitini. Alfajiri wakatoka miguu mitupu, misahafu mikononi, na Wayahudi wakatoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wake kwa waume na watoto, wakilia na kuomba pamoja. Hata hivyo, kwa hesabu yake, siku iliyozidi zote walikufa watu 2,000 au zaidi mjini humo. Yeye mwenyewe alipokaribia kwao Tangier akaambiwa mama yake amekufa kwa ugonjwa huohuo. Ibn Khaldun naye, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, akiwa kijana wa miaka 17 hivi kule Tunis, alizika baba na mama. Unadhani hao hawakuwa wakitawadha?

Kiroboto hajali udhu. Anaishi kwa panya, na panya wakifa kwa tauni anarukia binadamu, ndipo mitoki inavimba kinenani na kwapani. Ugonjwa ukishuka mapafuni, kikohozi tu kinatosha kumwambukiza mwingine. Mwaka 1347 ulifika Messina (Italia) na Alexandria (Misri) kwa merikebu, njia zilezile zilizoleta hariri na nafaka. Biashara iliyozitajirisha bandari hizo ndiyo iliyozijaza maiti.

Kama unatafuta tofauti kati ya miji, mimi ningeangalia watu walivyotendeana. Strasbourg, mji wa Ulaya ulio Ufaransa ya leo, tarehe 14 Februari 1349, kabla tauni haijaingia mjini, Wayahudi walichomwa moto kwa mamia wakisingiziwa kutia sumu visimani. Papa Clement VI alikuwa ameshatangaza kwamba tuhuma hiyo ni uongo, maana Wayahudi nao walikuwa wakifa. Hakusikilizwa. Baada ya mauaji, waliokuwa wakidaiwa na Wayahudi wakarudishiwa rehani zao, madeni yakafutwa.

Hilo la madeni ndilo ninalotaka tulizungumze ukija Dar. Msalimie shangazi.

Mpwa wako