Nafuu ya magari ya umeme imfikie mnunuzi dukani

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa mliyochapisha juu ya Marekani kufuta nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme, iliyokoma Septemba 30, 2025. Wengi walidhani kila mnunuzi alipewa dola 7,500 mkononi. Sivyo. Kiasi hicho kilikatwa kwenye kodi ya mapato aliyodaiwa mtu mwaka huo. Aliyedaiwa dola 2,000 alipata 2,000 tu, zilizobaki zilipotea. Mwenye kodi kubwa ndiye aliyeweza kuivuna yote, jambo linaloniuma sana.

Kasoro hiyo ilirekebishwa Januari 2024, mnunuzi aliporuhusiwa kumwachia muuzaji nafuu yake, bei ikapungua papo hapo. Hata mwenye kodi ndogo alinufaika, na gari lililotumika nalo lilipunguziwa hadi dola 4,000.

Nawaomba wabunge wetu, wanapojadili unafuu wa vyombo vya umeme, waanzie hapo. Dereva wa bodaboda hawezi kusubiri hesabu za mwisho wa mwaka. Punguzo lionekane kwenye risiti siku anayonunua pikipiki, na muuzaji ndiye adai serikalini.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam