Kwa watu wa mialo: kabla hamjajenga tena ufukweni

Kwenu wavuvi, waanikaji wa mukene (dagaa) na wenye vibanda, kuanzia Majanji hadi Kalangala, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria.

Wanangu, salaam. Maji yakirudi nyuma, matofali huanza kushushwa ufukweni. Subirini kwanza. Ziwa hili lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na Mei 2020 likapita hata kile kiwango.

Fukwe zetu nyingi ni tambarare. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita 1 tu yanameza mita 50 za nchi kavu. Kwa hiyo msihesabu hatua za miguu, pimeni kimo. Tafuteni mpira mwangavu wa mita 20, ujazeni maji, mtoe viputo vyote. Kiputo kimoja kinatosha kuharibu kipimo. Ncha moja ishikwe kwenye alama ya maji ya 2020 ukutani au mtini, nyingine kwenye kigingi pale mnapotaka kujenga. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Sakafu ya nyumba iwe mita 1 juu ya hapo. Kisha kumbukeni kuwa kanuni zinalinda mita 200 za ukingo wa ziwa: anayewauzia kiwanja humo, hata akija na muhuri wa LC (baraza la mtaa), anawauzia kesi.

Choo ndicho kinachonitisha zaidi. Maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa, hivyo shimo hufurika kwa chini na kuchafua visima kabla hamjaona mafuriko. Kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji hayo wakati wa masika. Isipowezekana, chimbeni shimo fupi, mliinue kwa matofali juu ya ardhi, mita 30 kutoka kisimani.

Magunia ya mchanga ni ya muda tu. Jua hulichakaza gunia la nailoni, na wimbi likigonga ukuta wima hurudi likiuchimba mguuni. Mafunjo hulipunguza wimbi nguvu. Mkihitaji njia ya mitumbwi, fyekeni upenyo mwembamba; msiyachome. Nayo yakimeguka huelea: Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilikwamisha mitambo ya Jinja, nchi nzima ikakosa umeme.

Na nyinyi mnaovua usiku kwa taa: dhoruba za ziwa hili huzidi usiku kuelekea alfajiri. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu mwaloni, lisigeuzwe mto wa kukalia.

Mzee wenu