Filamu ya Jumamosi: The Pledge

Wapendwa, hamjambo. Jumamosi hii saa 1 usiku tunaangalia The Pledge ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Sean Penn. Jack Nicholson ni Jerry Black, mpelelezi wa polisi huko Nevada, Marekani. Siku anayoagwa kazini, maiti ya mtoto wa kike inakutwa kwenye theluji. Anamwapia mama wa mtoto huyo kwamba atampata muuaji, na anastaafu na kiapo hicho. Wenzake wanasema kesi imekwisha, maana kuna mtu amekiri. Yeye haamini. Ananunua kituo cha mafuta kando ya barabara, anakaa, anasubiri.

Msitegemee risasi na magari kukimbizana. Inakwenda taratibu, na utamu wake uko hapo hapo: mwangalieni Nicholson usoni. Kwangu mimi hii ni kati ya kazi zake bora kabisa.

Hadithi inatokana na riwaya ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1958. Kwanza aliiandikia filamu ambamo mpelelezi anafanikiwa, kisha akaiandika upya kama riwaya, yenye mwisho tofauti kabisa. Nataka sana tuujadili mwisho huo, kwa hiyo mlioiona tafadhali msiuseme humu.

Watoto wabaki nyumbani, mada ni nzito. Na kama una msiba unaofanana na huu, usijilazimishe kuja. Niandikie pembeni tu.

Wanaokuja waandike majina hapa kabla ya Ijumaa mchana, tupange viti.