Hicho kispika kiache nyumbani

Mpendwa Halima,

Salamu nyingi, na za huko? Huku wote wazima, Mungu ashukuriwe. Ratiba yako ya safari ya kutazama ndege imefika, na kabla hata sijauliza hali ya mama, niseme hili moja. Siku tisa, vituo saba, kuanzia jangwa la Dida Galgalu kule kaskazini hadi hori la Mida huku pwani, halafu chini kabisa umeandika: "kispika cha bluetooth, kiko chaji." Halima! Tuanzie hapo hapo.

Najua unakitaka kwa sababu ya yule kibundi, bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni ndege wa sentimita 16 hivi, uzito wake gramu 50 tu, sayansi ilimpa jina mwaka 1966, na nje ya pwani yetu humpati ila chini ya milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Ukimpigia sauti yake usiku, anachosikia ni mgeni aliyevamia eneo lake. Anaacha kuwinda, anakuja hadi tawi la wazi, anaita kwa hasira, na wanaowinda bundi wadogo nao wana masikio. Leo umepiga wewe, jana lilikuja gari jingine, kesho linakuja la tatu. Mwisho wake ama anahama ama anazoea, hamjibu mtu tena.

Na wala huna haja nacho. Waelekezi wa pale Gede wanajua anapolala mchana. Cha kwanza angalia udongo, maana msituni mle udongo ndio ramani. Ukikanyaga mchanga mweupe uko kwenye miti ya mrihi, na kibundi hayupo hata ukikesha. Watu hupoteza asubuhi nzima hapo kwa sababu ni rahisi kutembea. Udongo ukigeuka mwekundu na vichaka vikibana, vile vya miti ya Cynometra, hapo punguza mwendo. Usitazame juu sana. Hulala chini chini, mara nyingi palipo na matawi mengi yaliyosokotana, akiwa mmoja au wawili bega kwa bega. Wako wa kijivu, wako wekundu kama kutu, na yule mwekundu utamdhania jani kavu lililonasa. Simama hatua sita au saba nyuma, tumia darubini, usinyooshe mkono. Akiwa na macho ya mstari mwembamba, hana shida na wewe. Akijinyoosha akawa mrefu kama kijiti na macho yakafunguka, umeshamsogelea mno. Rudi nyuma taratibu. Na Baba Neema azime ule mwanga wa kamera tangu getini, asisubiri kuambiwa.

Kwenye mrihi nenda kwa ajili ya mnana wa Kilifi. Huyu haonekani popote duniani ila kaunti hiyo, na hata mahali anapotaga hapakujulikana hadi 2013, walipomkuta kwenye kidimbwi cha msimu kule msitu wa Dakatcha. Husafiri kwa makundi juu kabisa ya miti, pamoja na ndege wengine, kwa hiyo usizunguke ovyo kumtafuta. Simama njiani, sikiliza kelele za kundi, likija tazama mmoja mmoja hadi lipite. Likipita limepita, usilikimbilie. Unaweza kukaa siku mbili bila kumwona, ya tatu wakapita 30.

Sasa ratiba. Futa Dida Galgalu. Marsabit peke yake ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi, na yule ndege kipozamataza wa mawe meusi anataka siku zake mwenyewe. Kisumu nako ningekuacha kwa safari nyingine, lakini najua utabisha, basi nikwambie la Dunga, pale ziwani Kisumu: ndege yule, tiva wa mafunjo, haachi mafunjo. Panda mtumbwi wa kasia, si wa injini, uwe majini saa kumi na mbili na nusu, maana mchana upepo wa ziwa ukianza mafunjo yote yanayumba na huoni kitu. Kosa la kila mtu ni kumchanganya na yule mwenzake wa vichakani kandokando. Wote wana kifua chekundu. Wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani; yule mwingine kichwa cheusi tii, bawa jeusi tupu. Kama hukuona utosi wala bawa, usiandike.

Kinangop ibaki. Yule ndege wa manjano wa nyasini, Macronyx sharpei, ni wetu Kenya peke yetu, na anataka nyasi fupi zenye mafungu mafungu. Shamba likishalimwa viazi au kupandwa mikaratusi, hayupo. Yale ni mashamba ya watu, kwa hiyo hodi kwanza. Kisha mpange mstari, mtu na mtu hatua kumi, mtembee polepole mno. Ataruka chini chini, utaona weupe pembeni mwa mkia, atatua, halafu atakimbia kwa miguu. Hapo ndipo watu hukosea, wanakwenda pale alipotua. Tazama mbele ya hapo, ungoje ainue kichwa juu ya fungu la nyasi. Viatu vya mpira, tafadhali. Umande wa kule hauna huruma.

Taita pia, walau siku mbili. Msitu wa Ngangao ni kama hekta 120 tu. Kuna yule ndege wa mdomo wa chungwa anayepekua majani chini, na kale kadogo ka mkia mrefu, Apalis fuscigularis. Wote wawili wako kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Unaona sasa kwa nini nakazania kispika? Kwa ndege waliobaki wachache hivyo, dakika kumi za kumhangaisha si mzaha. Kaa chini kimya palipo na majani mengi, nusu saa bila kugeuka geuka. Utasikia jani likitupwa kabla hujaona ndege. Dawa ni hiyo hiyo kwa yule ndege wa madoa kwenye magofu ya Gede, anayetoka kusini na kuondoka kwenye Oktoba. Mwisho wa Septemba bado unamwahi, lakini kwa taabu.

Mida fuata maji, si saa yako ya mkononi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, kwa hiyo uwe pale saa nane mchana, maji yakipanda na kuwasukuma ndege kuelekea ufukweni. Yakiwa yamekupwa wako mbali mno, na joto linachezesha picha hata kwa darubini ya miguu mitatu. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, wakati huo ameshafika.

Darubini chukua ile ya 8×42 (inakuza mara nane, lenzi milimita 42), Mwalimu aseme atakalo. Ile ya 10×42 inatikisika, na msituni inapitisha mwanga kidogo: duara la mwanga linalofika jichoni ni milimita 4.2, dhidi ya 5.25. Rekebisha jicho la kulia kabla ya safari, si mbele ya ndege. Na andika kabla ya kufungua kitabu: mdomo, utosi, bawa, mkia, alikuwa urefu gani kutoka chini, anafanya nini. Ukishafungua kitabu macho yanaanza kukumbuka picha. Kurekodi sauti kwa simu sawa kabisa, ni kuipiga ndiko... basi, nimeshasema.

Nani anaendesha? Ile gari ya shemeji inapanda Wundanyi, kule Taita, kweli? Umeangalia mwezi utakuwaje siku za Mida, au tarehe umepanga tu? Baba Neema anaweza kunyamaza nusu saa? (Mimi na wewe tunajua jibu.) Mama goti lake vipi? Na kile kitabu changu chenye jalada la bluu, bado kiko kwako au kimeshafika kwa Mwalimu?

Nijibu kabla hujalipia popote.

Wako,
S.